Nilimlaza Mwenyewe

Shangazi Mwajuma alisema sitafika hata uwanja wa ndege. Fundi Kapaya, mwenye duka la picha Tabora mjini, aliyenifukuza kazi kwa kuharibu mkanda wa harusi ya diwani, alisema mtu wa aina yangu hawezi kushika kamera ya Wazungu, labda apewe kitambaa aifute vumbi. Vijana wa kijiweni waliapa kwamba nitarudi na begi la jinzi na Kiingereza cha puani, basi. Na Bi Asha, jirani yetu asiyesahau, alisema neno dogo kuliko yote, nalo ndilo lililonichoma: "Huyo hajawahi kurudisha kitu cha mtu. Aliazima pampu ya baiskeli ya marehemu mume wangu, mpaka leo naisikilizia." Leo naandika nikiwa ndani ya studio yangu mwenyewe hapahapa Tabora, vyumba vitatu, viyoyozi viwili, na ukutani, ndani ya fremu ya mninga, iko stashahada yangu ya utengenezaji wa video kutoka chuo kimoja cha Dallas. Niliisomea huku nikibeba boksi ghalani Mesquite, pembeni ya Dallas, na hakuna aliyenilipia hata daftari. Kila mteja anayeingia hapa namketisha mahali ambapo lazima aione.

Wiki iliyopita nilikuwa nimekaa chini ya stashahada hiyo ulipoingia ujumbe kutoka Katy, magharibi ya Houston. Uliandikwa na Annelies, binti wa mtu niliyemfanyia kazi mwaka mzima wa 2018. Aliandika kwamba baba yake amefariki, alasiri, akiwa amelala. Nilisoma neno hilo, amelala, nikaweka simu kifudifudi mezani. Wafanyakazi wangu waliniuliza kama kuna msiba. Nikasema ndiyo. Wakauliza ni ndugu? Nikaigeuza simu, nikausoma ujumbe tena.

Aliyekufa alikuwa Mholanzi, mtengenezaji wa filamu za kweli, zile zisizo na waigizaji. Kwao wapo waliomwita bingwa na wapo waliomwita mwizi wa nyuso za watu, na nijuavyo mimi pande zote mbili zilikuwa na ushahidi. Jina lake la kwanza lilikuwa Tjalling. Sisi tulilisikia Chali, na Chali likabaki. Alikuwa na miaka sabini na kitu, mrefu, kiatu kimoja kamba nyeusi na kingine kamba ya kahawia, na alitaka mkalimani wa Kiswahili kwa filamu yake ya mwisho: Waafrika wanaotunza wazee wa Texas ambao watoto wao hawaji kuwaona. Mwalimu wangu wa chuo alitaja majina matatu. Chali akaniuliza mimi swali moja tu: "Ukisikia mtu analia, utatafsiri au utamfariji?" Nikajibu nitatafsiri. Akaniajiri palepale. Nilirudi Mesquite nikiimba garini. Katika darasa zima ni mimi peke yangu niliyepata kazi kabla ya kupewa cheti.

Maisha yake niliyasikia barabarani. Kati ya Dallas na Houston ni mwendo wa saa nne, na mwaka ule tuliukata mara nyingi sana, mimi nikiendesha, yeye akila mkate wa siagi alioumwagia vipande vya chokoleti kama siafu. Alisema amezaliwa katika mji wa upepo, baba yake fundi saa. Filamu yake ya kwanza ilikuwa ya mama yake mzazi akifa. Alimpiga picha wiki sita, chumba hichohicho, kitanda hichohicho, bakuli la supu likija limejaa na kurudi limejaa. Wiki ya mwisho mama alimwomba azime. "Ukafanyaje?" nikamuuliza. "Nilizima taa," akasema. "Kamera sikuzima." Filamu hiyo ilimpa tuzo, na kaka zake wawili hawakusema naye tena. Iliyofuata ilihusu kijiji kimoja ambacho kilimpeleka mahakamani kwa jinsi alivyokionyesha. Ya tatu kuna ukumbi ulikataa kuionyesha, na hiyo ndiyo iliyotazamwa kuliko zote. Mwishowe alikosa mtu wa kumpa fedha kwao, akaja Texas kufundisha, wanafunzi wakamlalamikia, akaachishwa. Alipohadithia haya hakuwa mtu anayejitetea. Alikuwa kama mtu anayesoma orodha ya stesheni alizoshuka. Mimi nilimsikiliza kama mtu aliyekaa na mwalimu wake, na kusema kweli alikuwa mwalimu. Kila ninachojua kuhusu kukaa kimya nyuma ya kamera nilikitoa kwake.

Alikuwa na utaratibu mmoja katika filamu zake zote: kila anayezungumza lazima ashike kitu alichotoka nacho kwao. Kazi ya kuvitafuta ilikuwa yangu. Nilizunguka na gari langu, nyumba kumi na moja, nikaazima. Kwa mume na mke wa Kitanga walioko Katy nilichukua mbuzi ya kukunia nazi, iliyosafiri ndani ya sanduku la nguo na kuwatia matatani kwa maafisa wa forodha. Kwa Mzee Kombo, mhasibu, nilichukua kofia ya marehemu baba yake, akanipa kwa mikono miwili. Kwa fundi cherehani wa Kikongo pale Fort Worth nilichukua pasi ya mkaa. "Utairudisha, hein?" akaniuliza, na alipofunga mlango akaufungua tena: "Ile ni ya mama." Niliwaambia wote maneno yaleyale, kwamba wanashughulika na mtu msomi.

Nyumba ya kumi na moja ilikuwa ya Mama Kendi, DeSoto, kusini ya Dallas. Huyu alikuwa Mkenya wa Meru, mnene kidogo, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto, na kwa miaka tisa alikuwa akiosha, akilisha na kulaza wazee katika nyumba moja ya kutunzia wazee. Siku ya kwanza nilipomleta Mholanzi, jiko lilikuwa na wanawake watatu waliotoka kazini, bado wamevaa sare, ugali unasongwa, na majani ya koladi yanakatwa membamba ili yajifanye sukuma wiki.

"Anaitwa nani huyu mzee wako?" Mama Kendi akaniuliza.

"Tjalling."

"Chali?" Akaweka mwiko chini. "Woi! Wasichana, nimeletewa chali kwa nyumba na bwanangu ako shift!"

Wakacheka mpaka mmoja akakaa sakafuni. Nikawaeleza, kwa upole wa mtu aliyesoma, kwamba kwa Kiswahili sanifu chali si mpenzi wala kijana wa mtu. Chali ni kulala mgongo chini, uso juu.

"Basi hata hiyo ni sawa," akasema mmoja wao. "Kwa hii umri, si ndio kazi imebaki?"

"Wachana na huyu," Mama Kendi akasema akinielekeza mwiko. "Huyu ni Bwana Diploma. Kiswahili yake imepigwa pasi. Kuleni, ugali inapoa."

Chali alikula kwa mkono, akaungua, akacheka nao bila kujua wanacheka nini. Kabla hatujaondoka Mama Kendi akaleta alichotaka kushika: kitabu cha nyimbo za kanisani, jalada limeshonwa kwa uzi mweusi, ndani mama yake ameandika kwa kalamu ya risasi majina ya watoto tisa, wawili wamepigiwa msalaba. Alikuwa akiwaimbia wazee wake kutoka kitabu hicho. "Hii ikipotea," akaniambia, "usikuje kunieleza. Potea na wewe."

Wiki iliyofuata alizungumza mbele ya kamera, kitabu mapajani. Alisimulia juu ya mzee mmoja aliyemtunza miaka sita, aliyekuwa mwalimu wa hesabu, ambaye watoto wake walituma maua kila sikukuu na hawakuja hata mmoja. Alasiri ya mwisho mzee alikuwa amechoka, akakataa kuguswa na mtu mwingine. Mama Kendi akasema, na maneno haya ninayo kama nilivyoyasikia: "Nilimlaza mwenyewe. Sikutaka mtu mwingine amlaze. Nikamfunika, nikamwimbia. Akalala, hakuamka." Kisha akafunga kitabu. Mimi nilikuwa na machozi, na sikumfariji mtu, kwa sababu nilikuwa nimeahidi kutafsiri.

Tafsiri niliifanyia Katy, chumbani kwa Chali juu ya gereji ya binti yake, chumba chenye harufu ya jibini na nyaya za moto. Niliandika haraka, kwa fahari, nikitafuta Kiingereza cha karibu kabisa na Kiswahili. Kulaza: kumfanya mtu alale. Niliandika, "I put him to sleep myself." Na lililofuata, kwamba hakutaka mtu mwingine afanye, na kwamba alilala na hakuamka. Chali aliusoma mstari, akavua miwani.

"Una uhakika?"

"Nina uhakika."

Akavaa miwani, akausoma tena, akanigeukia. "Hivi ndivyo alivyosema? Hivi hasa?"

Nikamwambia, "Nina stashahada."

Msomaji anayejua Kiingereza cha kule ameshashika kichwa. Mimi sikujua. Nilikuwa nimejifunza Kiingereza cha vitabu, cha ghalani, cha kamera; sikuwahi kufuga mbwa Marekani. Kwao, maneno yale niliyoandika ndiyo wanayotumia pale mbwa au paka akiwa mgonjwa wa kutopona na daktari akamchoma sindano asiamke tena. Mama Kendi alisema amemsaidia mzee kupanda kitandani. Mimi, kwa mkono wangu, nilimfanya aseme amemuua, na kwamba hakutaka mtu mwingine amuue. Mwenye filamu alikuwa mtu aliyepata tuzo yake kwa filamu ya kufa. Aliuliza mara mbili. Nimezihesabu mara hizo mbili miaka yote hii, na kila nikihesabu zinakuwa mbili.

Filamu ilionyeshwa Oktoba, katika ukumbi mdogo Houston. Nilivaa suti ya rangi ya majivu. Tulikuwa tumejaza safu mbili, Watanzania na Wakenya na Wakongo, na kila kitu cha mtu kilipotokea kwenye kitambaa, pasi, kofia, mbuzi ya nazi, mwenyewe alishangiliwa. Jina langu lilipita kwa herufi kubwa. Ikaja sura ya Mama Kendi. Sisi tulikuwa tunamsikiliza. Maandishi ya chini hatukuyasoma, ya nini, kama tunasikia? Waliosoma ni Wamarekani. Ukumbi ukavuta pumzi. Nilidhani ni huzuni, nikakaa sawa kwenye kiti. Kisha nikamwona Kendi, binti yake wa miaka kumi na tano, aliyekua kulekule na ambaye ukimsemesha Kiswahili hujibu Kiingereza. Alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili.

"Mom," akasema. "Mom, that's not what you said."

"Nini? Kwani nimesema nini?" Mama Kendi akauliza, bado anatabasamu kwa ajili ya majirani.

Kuanzia hapo kila kitu kilikwenda chenyewe, kama gari lililoachiwa mlimani. Mtu alirekodi kipande kile kwa simu, kikasambaa. Nyumba ya wazee ikamwambia Mama Kendi akae nyumbani hadi atakapoitwa, na hakuitwa. Wanaosimamia vyeti vya kazi ile wakamwandikia kwamba chake kinachunguzwa. Watoto wa mwalimu wa hesabu, wale wa maua, walipatikana ghafla wote, pamoja na wakili. Mumewe akachukua shifti za ziada. Mimi niliandika barua mbili za kumtetea, ndefu, na chini ya kila moja nikatia jina langu na stashahada yangu. Nilisema filamu imehaririwa vibaya, mkurugenzi ana historia, mjue alimfanyia nini mama yake. Kuhusu tafsiri niliandika kwamba ni sahihi neno kwa neno. Hilo lilikuwa kweli, na ndiyo sababu barua zile hazikumsaidia chochote. Labda zilimzidishia. Mtu aliyesoma alikuwa amethibitisha.

Nilikwenda Katy kumwomba Chali. Alikuwa anakula supu ya njegere. Nikamwambia abadilishe mstari mmoja, mstari mmoja tu.

"Nilikuuliza mara mbili," akasema.

"Ulijua maana yake."

"Nilijua maana ya Kiingereza. Kiswahili ulikijua wewe. Mimi nilidhani nimepata mwanamke mkweli kuliko wote niliowahi kupiga picha." Akakoroga supu. "Ulipaswa kuniambia nimekosea. Hakuna aliyewahi kuniambia kwa wakati." Kisha akasema nimpe wiki moja, filamu imeshagawiwa, ataangalia linalowezekana.

Siku ya tano alianguka bafuni. Kiharusi kilichukua upande wa kulia na maneno yote. Sitajua kamwe kama angeubadilisha mstari ule. Nilipofika, akiwa ameshatolewa hospitalini, Annelies alinifungulia akiwa na taulo begani, macho mekundu. Akasema filamu iko kwa wasambazaji na sahihi inayotakiwa ni ya baba yake, na baba yake hawezi kushika kijiko. Vitu nilivyoazima kwa watu viko gerejini, nichukue. Halafu simu ya hospitali ikaita, akaniomba, kwa kuwa nipo, nimsaidie kumweka baba kitandani, amemaliza kula, amechoka.

Kwa hiyo nilibaki naye. Alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha, supu imemkaukia kidevuni. Mimi niliyebeba boksi miaka mitatu nilidhani mzee ni kitu cha kunyanyua. Nilimshika kwapani, akaguna kwa maumivu, nikamrudisha. Nikajaribu tena. Nikagundua lazima kwanza umpanguse mdomo, ndipo akuamini. Lazima umwambie unachotaka kufanya kabla hujafanya. Lazima goti lako liwe kati ya magoti yake, na mkono nyuma ya kichwa uende naye hadi kwenye mto, usiuondoe mapema. Nilimvua viatu, cha kamba nyeusi na cha kamba ya kahawia. Alilala chali akinitazama, jicho moja likitoa machozi peke yake. Nilimfunika. Wimbo sikuujua wa kumwimbia, nikamwambia tu, kwa Kiswahili, "Lala, mzee." Akafumba macho. Nikasimama pale nikasikiliza anavyopumua, nikaogopa, maana sasa nilijua ni kitu gani Mama Kendi alifanya kila siku kwa miaka tisa, na hakuna neno hata moja la Kiingereza nililosomea ambalo lingekibeba.

Nilitoka na vitu vyote kumi na moja kwenye gari. Jumamosi ya pili ya Desemba nilivirudisha. Kwetu chombo cha watu hakirudi kitupu, na mimi sikutaka kuanza kuaibika hapo. Mbuzi ya nazi ilirudi Katy na nazi nne. Kofia ya Mzee Kombo ilirudi imefuliwa na kutiwa wanga, na chupa ya udi. Pasi ya mkaa ilirudi Fort Worth na vitenge viwili. Yule fundi aliifungua, akachungulia ndani kana kwamba mkaa wa mama yake bado upo, akanikumbatia. Njiani nilisimama dukani nikanunua pampu mpya ya baiskeli, nikaitupa kiti cha nyuma. Hiyo leo iko kwa Bi Asha, na huionyesha kwa wageni bila kusema ilichelewa miaka mingapi.

DeSoto nilifika mwisho, saa kumi jioni, jua bado lipo. Mama Kendi alifungua mlango mwenyewe. Alikuwa amevaa fulana ya ghala la Mesquite, lile lile nililoacha mimi. Alikuwa ameanza kubeba boksi wiki hiyo. Jikoni hakukuwa na wageni. Nikampa kitabu kwa mikono miwili. Akahesabu kwa kidole majina aliyoandika mama yake, yote tisa, kisha akaona kuna karatasi ndani.

"Na hii?"

"Hakirudi kitupu," nikasema.

Alisoma akiwa amesimama, midomo ikitembea. Nilikuwa nimeandika kwa wanaochunguza cheti chake, nusu ukurasa, barua fupi kuliko zote nilizowahi kuandika. Nilisema neno kulaza maana yake ni kumsaidia mtu kulala kitandani. Nilisema tafsiri ni yangu, mkurugenzi aliniuliza mara mbili, na nilijibu kwa majivuno kitu nisichokijua. Nilisema barua zangu mbili za kwanza zipuuzwe. Alifika mwisho, akageuza karatasi, akaangalia nyuma yake, akairudisha mbele.

"Na hiyo diploma yako iko wapi? Kwa zile zingine ulikuwa unaweka."

"Hii sikuweka, Mama Kendi."

Akavuta droo ya vijiko, akatoa kalamu, akaiweka mezani mbele yangu.

"Weka," akasema. "Wajue ni mtu amesoma alikosea."

Nikakaa. Nikaandika jina la chuo, mwaka, na stashahada, kwa herufi zilizonyooka, huku amesimama juu yangu akisubiri wino ukauke.